Kinyozi aliyeruka dawa ili mkono utulie

Jumamosi asubuhi, benchi la kinyozi limejaa. Anapitisha mashine kichwani kwa dereva wa lori, anampangusa shingo, anafika kwenye ndevu na kusimama. Anasogea kwenye pazia na kukohoa. Mkewe anatoka chumba cha kusukia, anachukua wembe. Kinyozi, mwenye duka, anachukua ufagio.

"Shemeji ana mkono wa pamba," anasema dereva, macho kayafumba. "Fundi, wewe fagia tu. Hiyo kazi unaiweza."

Benchi linacheka. Kinyozi naye anacheka, ila anaitazama sakafu.

Miaka saba iliyopita moyo wake ulichoka kabisa, akapandikizwa wa mtu aliyefariki ajalini, asiyemjua hata kwa jina. Wengi hudhani habari huishia hapo: umeshonwa, umepona, karibu nyumbani. Kumbe ndiyo kwanza inaanza. Mwili huuona moyo ule kama mvamizi, na dawa za asubuhi na jioni, maisha yote, ndizo zinazouzuia usiushambulie.

"Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe," anasema kinyozi. "Wangu analima tangu siku ya kwanza, na mwili bado unamuuliza kafuata nini."

Dawa hizo zilimtetemesha mikono. Kwa mwingine si neno. Kwa mtu anayeshika wembe kooni kwa mwenzake, ni balaa. Mteja mmoja alipokatwa kidogo chini ya sikio, aliuliza kwa upole kabisa, "Fundi, leo unaninyoa au unanichinja?"

Mtaa ukaidaka. Akaitwa Mchinjaji.

Jina hilo lilimuuma kuliko kidonda cha kifua. Ndipo akafanya ujanja wa kijinga: Jumamosi, siku yenye wateja kuliko zote, akawa haimezi dawa ya asubuhi. Baadaye akaacha na ya Ijumaa jioni. Mkono ukatulia, jina likafifia. Kliniki, muuguzi alipouliza mbona dawa imepungua kwenye damu, alijibu kwamba alisahau, au alikuwa safarini. Alikuwa akimwacha mkewe nje, asisikie.

"Sikuumwa popote," anasema.

Mtego wenyewe ndio huo. Moyo ukipandikizwa, mishipa yake ya fahamu huwa imekatwa, hivyo unaweza kuharibika kimyakimya. Madaktari walipochukua kipande kidogo cha nyama ya moyo huo kupitia mshipa wa shingoni, walikuta mashambulizi yameshaanza. Alilazwa wiki tatu. Nguvu zilirudi, si zote. Siku hizi akinyoa vichwa vitatu lazima akae.

Wodini, mkewe alimuuliza swali moja tu, mbele ya daktari: "Kwa hiyo ulikuwa unajiua ili ndevu za watu zinyooke?"

"Nilijifunika shuka," anasema kinyozi. "Heri wangenipasua tena kuliko kumjibu."

Anayemnyima usingizi zaidi ni mtu asiyewahi kumwona. "Kuna mama alimzika mwanawe bila moyo, mimi nikapewa. Nikauchezea kwa sababu ya sifa za mtaani. Nikikutana naye nitamwambia nini? Kwamba walinicheka?"

Dukani, hadi leo dawa anazimeza nyuma ya pazia. Wateja wanajua aliugua moyo. La mkono hajawahi kuwaambia.

"Kwani huo mkono una nini?" dereva anauliza, akijishika kidevu kilichokwisha kunyolewa.

Kinyozi anaegemeza ufagio ukutani.

"Unatetemeka," anasema. "Ni dawa za moyo. Niliziacha mkono utulie, nusura nife."

Dereva anatafuta kofia yake, anaivaa, anaivua.

"Basi zimeze, kaka," anasema. "Sisi tulikuwa tunacheka tu."

Mwezi ujao kinyozi ana kliniki, na amepanga jambo moja: mkewe ataingia naye hadi ndani kwa daktari.

"Mimi nikiulizwa jambo la aibu nikiwa peke yangu," anasema, "bado nadanganya. Najijua."