Mshale wa Oili Ulipolala

Kaa hapa karibu nami, unipe sikio lako. Huna haja ya kujua ufundi wowote. Chukua sahani mbili za bati uzisugue moja juu ya nyingine: utasikia kelele, na baada ya muda utaona mikwaruzo. Sasa paka samli kidogo katikati. Zinateleza, hazigusani kabisa. Ndani ya injini kuna vyuma vinavyozunguka maelfu ya mara kwa dakika, na kinachovizuia visigusane ni utando mwembamba wa oili unaosukumwa na pampu. Nguvu ya msukumo huo ndiyo presha ya oili. Ikipungua, vyuma vinaanza kulana, na wewe uliyeshika usukani husikii kitu. Gari linakwenda vizuri tu. Hilo ndilo lililonitisha miaka yote ya kazi yangu.

Mwishoni mwa miaka ya sabini nilikuwa fundi katika karakana ya kiwanda cha kuchambua pamba, nje kidogo ya mji wa Shinyanga. Tulishughulika na matrekta, malori na mashine za kiwandani. Gari la michezo nilikuwa nimeliona kwenye picha tu, mpaka tabibu wa zahanati moja ya upande wa Kahama alipoliingiza langoni kwetu, jekundu, fupi, limekaa chini kama kuku anayeatamia.

Injini yake ilikuwa ya rota. Haina pistoni zinazopanda na kushuka. Ndani yake kuna vipande vya chuma vyenye pembe tatu, kama sambusa nene, na kila kimoja kinazunguka ndani ya chumba chake. Jambo moja ulishike: injini ya namna hii huunguza oili kidogo kidogo kwa makusudi, ndivyo ilivyoundwa. Kwa hiyo mwenyewe lazima aongeze oili mara kwa mara. Tabibu alikuwa ameambiwa hivyo na mtaalamu wa miamba aliyemuuzia, mgeni wa mgodi wa almasi wa Songwa aliyekuwa akirudi kwao.

Kulipata gari hilo aliuza ng'ombe wote aliorithi kwa baba yake. Kijijini walimcheka: zizi zima kwa gari la milango miwili, lisiloweza kubeba hata mbuzi. Hawakumwelewa. Miaka miwili nyuma mke wake alishikwa na uchungu, wakangoja lori tangu asubuhi hadi jua kuzama. Mtoto alikufa. Mama alipasuliwa na kuponea chupuchupu. Sasa alikuwa na mimba ya miezi minane, na hospitali kubwa ya Mwanza ilikuwa imeshasema wazi: uchungu ukianza, apasuliwe mara moja, asicheleweshwe. Tabibu alinunua kasi, basi. Hakutaka kitu kingine.

Walifika Jumapili asubuhi, maana siku hizo Jumapili ikishapita saa nane mchana magari binafsi yalikatazwa barabarani. Mke alishuka polepole, mkono mmoja kiunoni.

"Shikamoo, Fundi."

"Marahaba, Mayu. Karibu kivulini." Mayu ni mama kwa Kisukuma, nasi humwita hivyo hata mdogo kwetu.

Tabibu hakuwa na muda wa salamu ndefu. "Geji ya presha inadanganya. Nikienda kama nusu saa, mshale unalala. Nikisimama kidogo, nikiwasha, unainuka tena. Injini mbovu haiponi kwa kupumzika, Fundi. Nibadilishie geji, nirudi."

Nilimwamini. Katika malori yetu hapakuwa na geji iliyo hai hata moja, na taa nyekundu ya oili madereva waliibandika plasta ili isiwasumbue macho. Tulikuwa tumezoea magari yenye geji zinazosema uongo.

Hata hivyo geji haihukumiwi kwa maneno. Nilifungua kile kifaa kidogo cha ubavuni mwa injini kinachopeleka habari kwenye geji, nikafunga pale geji ya trekta niliyoijua kuwa nzima. Nikamwomba awashe. Presha ilikuwa nzuri. Injini ilipopata moto nikamwambia akanyage eksileta, aishikilie hapo. Mshale wangu ukaanza kushuka, pole pole, bila kutikisika. Nikachungulia ndani ya gari. Wake nao ulikuwa unashuka. Mishale yote miwili ilikuwa inalala pamoja.

"Zima," nikasema. "Zima sasa hivi!"

Hapo nataka twende taratibu, maana ndipo mafundi wengi hukosea. Beringi, zile pete za chuma laini zinazoshika mhimili unaozunguka, zikilika, presha huwa chini injini ikinguruma polepole, na hupanda ukikanyaga. Hii ilikuwa kinyume: ukikanyaga inashuka, ukiiacha ipumzike inarudi. Maana yake pampu inavuta oili mahali palipozibwa. Fikiria unakunywa togwa kwa mrija, na ganda la mtama limekwama kwenye mdomo wa chini. Ukivuta kwa nguvu, ganda linaziba. Ukiacha kuvuta, linaanguka, unadhani umepona.

Nikachomoa kijiti cha kupimia oili. Kiwango kilikuwa kizuri. Nikakisogeza puani. Kilinuka maandazi.

Mke akacheka mpaka akashika tumbo. "Si nilikwambia, Baba? Tukipita vijijini watoto wanatukimbilia, wanadhani tunauza!"

Mume hakucheka.

"Daktari," nikasema, "umeweka nini humu?"

"Oili."

"Oili gani?"

Alitazama mikono yake. "Oili imekwisha madukani tangu mavuno. Na gari linakunywa. Nikaongeza mafuta ya pamba. Kidogo kidogo. Lita tatu, labda nne."

"Nani alikushauri jambo hilo?"

"Wewe."

Nilitaka kubisha, halafu nikakumbuka. Alisimama pale langoni msimu wa mavuno, bila gari, akaniuliza sisi tunafanyaje siku hizi oili ikikosekana. Nikamjibu nikiwa nimeinamia kazi: tunapaka mafuta ya pamba, kwani yanatoka hapa hapa. Na kweli tulipaka, kwenye ekseli za mikokoteni, kwenye bawaba, kwenye vitu vinavyozunguka polepole na visivyopata moto. Sikumuuliza anauliza kwa ajili ya nini. Kila mtu wa kiwanda cha pamba angejibu vile vile, na hiyo hainipunguzii kitu. Mafuta ya pamba yakikaa ndani ya joto la injini hugeuka gundi.

Tuliliinua kwa jeki, nikafungua sampu, lile bakuli la chuma chini ya injini ambamo oili hukaa. Ndani palikuwa na ute wa kahawia unaovutika kama ulimbo wa kunasia ndege. Chujio ambalo pampu huvutia oili lilikuwa limezibwa karibu lote. Nililiosha kwa mafuta ya taa mpaka matundu yakaonekana. Halafu nikachukua kitambaa cheupe, nikafuta sakafu ya sampu, nikatoka nacho juani.

Wachimbaji wa dhahabu wa Geita hutikisa karai wakiomba waone mng'ao. Mimi niliomba nisiuone. Ulikuwepo: chembe ndogo za rangi ya shaba, zimetapakaa kitambaani. Zilikuwa ngozi ya beringi.

Nilimimina oili safi tuliyokuwa tumeibakiza ya trekta, nikafunga kila kitu, tukawasha. Presha ilisimama vizuri. Tabibu akanishika bega kwa furaha. Nikamwambia asubiri injini ipate moto. Ilipopata, nikaiacha ingurume polepole. Mshale ukateremka, ukakaa chini kabisa. Nikakanyaga, ukapanda. Sasa ulikuwa ugonjwa ule mwingine, ule usioponywa kwa kuosha. Beringi za rota zile hazikuwepo Shinyanga, wala sikujua zilipo.

"Litafika Mwanza?" akauliza.

"Linaweza kufika. Linaweza pia kufia njiani, kule Mabuki. Sijui lipi, na sitakudanganya."

"Niliuza zizi zima kwa ajili ya siku moja tu, Fundi."

"Siku hiyo ni yangu," mke akasema kutoka kivulini. Hakuwa anacheka tena. "Nitapanda treni wiki hii. Nitakaa kwa dada yako Mwanza nisubiri."

"Mwezi mzima kwa watu?"

"Heri mwezi kwa wifi kuliko saa moja porini ndani ya hiki kikaango."

"Watasema nimeuza ng'ombe nikampakia mke wangu treni."

"Waache waseme. Tumbo wanalo wao?"

Aliondoka kwa treni Jumanne. Gari likabaki karakanani chini ya turubai. Kila nilipopita karibu nalo nilikaza mwendo.

Wiki tatu baadaye, asubuhi, tabibu, aliyekuwa amepanga chumba mjini kwetu kungoja habari, alikuja akihema. Habari zilikuwa zimepigwa kwa simu hadi kituo cha treni: uchungu umeanza. Akataka ufunguo. Nikamsihi angoje treni ya kesho. Akanyoosha mkono tu. Nikampa, nikamwambia aendeshe polepole na asiondoe jicho kwenye mshale.

Ulilala kabla ya Mabuki. Aliniambia mwenyewe kwamba aliuona. Alijisemea bado kidogo tu, akaendelea. Kisha kukatokea mlio kama gunia la mawe linaloburutwa, na injini ikakamata, isizunguke tena. Mvua ilikuwa inanyesha. Kushoto na kulia palikuwa na nyasi tu. Alikaa humo saa tano mpaka lori la pamba lilipopita, na muda wote huo, alisema, alishindwa kuacha kutazama kiti cha pembeni yake. Kilikuwa kitupu. Mke alikuwa wodini tangu asubuhi, mwendo wa dakika kumi kutoka kwa wifi yake, na mtoto wa kike alikuwa amekwisha kuzaliwa, mzima, na mama yake salama.

Hakuniambia kama amenisamehe, nami sikumuuliza. Lakini tangu siku ile, mtu akiniuliza jambo la ufundi humuuliza kwanza anataka kulifanya kwenye nini.

Na wewe, mshale wa oili ukilala, usitafute kijiji cha mbele. Egesha pembeni, zima injini, subiri dakika kumi, kisha chomoa kijiti upime oili kabla hujawasha tena.