Baridi Ile Mume Wangu Alipolala Garini

Mume wangu alihamia garini mwezi wa sita, baridi ikianza kuuma, akiwa amebeba mto, mablanketi mawili na redio yake ndogo. Gari lenyewe lilikuwa limeegeshwa uani kwetu, huku ugenini St Marys, hatua chache kutoka mlango wa jikoni. Ni motohomu kuukuu: mbele gari, nyuma chumba chenye kitanda, sinki, choo cha kubebeka na jiko la gesi la vichomeo viwili. Tulikuwa tumelinunua tuizunguke nchi hii polepole. Kabla hatujafika popote, akaumia mgongo kwenye ghala la Ingleburn alikokuwa akiendesha foklifti, mashine ya kuinulia mizigo.

"Kitanda cha kule ni kigumu, kitaufaa mgongo," alisema.

Haikuwa mgongo. Jioni iliyotangulia nilikuwa nimerudi kutoka makao ya wazee ninakofanya uuguzi, nikamkuta kwenye kochi, vyombo vya asubuhi bado mezani. Nikamwambia, "Kutwa nzima nahudumia wazee, kisha nakuja kumhudumia mwingine hapa." Alinitazama kama mtu aliyemwagiwa maji.

Binti yetu wa miaka kumi na minne aliniuliza, "Is Dad moving out?" Nikamjibu kwa Kiswahili kwamba baba yake yuko hapo uani tu, anapumzisha mgongo. Akavaa vidude vyake masikioni na kwenda zake chumbani.

Wiki za mwanzo, hitilafu za gari ndizo zilizokuwa mazungumzo yetu pekee. "Taa zimekufa," alikuwa akisema dirishani. "Pampu inanguruma lakini maji hayaji." Hakuweza kuinama, basi nililala mimi chini sakafuni na tochi, kitabu cha maelezo kimefunguliwa kifuani. Nikajua kwamba gari lina betri mbili, moja ya kuwasha injini na nyingine ya mambo ya ndani, na ile ya ndani ilikuwa imechoka. Nikajua kwamba pampu ikinguruma bure imemeza hewa. Tukavuta waya mrefu wa umeme kutoka gereji, nikamwonya asiwashe hita na birika kwa pamoja, maana swichi kuu itakatika. Aliniitikia kwa adabu, kama jirani.

Kisha king'ora kikaanza. Kilikuwa kidude cheupe ukutani, kazi yake kupiga kelele kikigundua ile gesi ya sumu isiyo na harufu. Sasa kililia tu kila dakika, pii, kwa sababu betri yake ilikuwa inakwisha.

"Kitoe, kitaniua kwa kelele," alisema.

Nikakitoa, nikakitia kwenye droo ya jikoni, nikasema nitanunua betri. Wiki hiyo nilipita madukani karibu na stesheni kila siku. Sikununua.

Asubuhi moja ya Julai, nyasi zikiwa nyeupe kwa barafu, nilitoka kwenda zamu. Madirisha ya gari yalikuwa yamefunikwa na mvuke kwa ndani, maji yakitiririka. Nikagonga. Kimya. Nikagonga tena, nikasikia kitu kikianguka, nikafungua mlango kwa ufunguo wangu.

Alikuwa ameketi sakafuni, ameegemea kitanda, matapishi kwenye fulana. "Mama amepika?" aliniuliza. Mama yake alikuwa amefariki zamani. Nilidhani ni kiharusi. Nikamshika uso nimwambie atabasamu, nione kama mdomo umepinda, na hapo nikaona vichomeo vyote viwili vikiwaka, na taulo limesokomezwa kwenye matundu ya hewa karibu na mlango.

Nilizima gesi, nikamshika makwapani, nikamvuta nje. Mgongo wake ulimfanya alie kwa sauti ambayo sijaisahau. Binti yetu alitoka na soksi tu kwenye barafu ile. Nilimpigia kelele apige sufuri tatu, namba ya dharura, na yeye, ambaye siku zote hunijibu kwa Kiingereza, akarudia tu, "Baba, baba, baba," simu ikiwa sikioni.

Mume wangu alilazwa hospitalini kwa sumu ya ile gesi, akawekwa kwenye oksijeni. Akili zilipomrudia akanieleza. Hita na birika vilikuwa vimekata swichi usiku, naye akawasha jiko apate joto. Swichi iko gereji, na gereji tunaifunga kwa ndani.

"Kwa nini hukugonga?" nikamuuliza.

"Ningegonga niseme nini?"

Nikaona siwezi kuondoka pale kabla sijasema langu. Nikamwambia kuhusu betri, kwamba nilipita madukani siku tano nikiwa na hasira, nikijiambia akanunue mwenyewe. Mimi, muuguzi. Akageuza uso ukutani, barakoa ya oksijeni puani. Sikumlaumu.

Baadaye tulimwita fundi wa gesi, Mrundi mmoja mpole. Alikagua kila mpira na kila tundu. "Hii gari haina shida, mama," alisema. "Jiko ni ya kupika, si ya kuota moto. Na hewa, usizibe hewa hata siku moja. Voilà, ni hivyo tu." Akafunga king'ora kipya, akanifundisha kukijaribu kwa kidole. Mume wangu alisimama mlangoni na fimbo yake, akisikiliza.

Alihama garini akarudi ndani ya nyumba, lakini hakurudi chumbani kwetu. Alilala sebuleni. Alitaka tuliuze gari, na mimi nikakataa, bila kuweza kumweleza sababu. Mwezi wa tisa nikaliendesha kwa mara ya kwanza, yeye kando yangu, binti yetu nyuma, tukigombana kuhusu vioo hadi tukatoka nje ya mji. Tuliegesha penye miti. Nikafungua bomba, yakaja maji ya rangi ya chai. Tangi lilikuwa halijasafishwa tangu tulipolinunua, na hakuna kati yetu aliyejua kwamba husafishwa. Tukanywa maji ya chupa.

"Ungeniacha mle?" aliniuliza ghafla. "Kama ungekuwa umechelewa zamu, ungepita tu?"

"Sijui," nikamwambia. "Wiki ile nilikuwa napita kila siku bila kugonga."

Aliitikia kwa kichwa taratibu. Binti yetu alikuwa nje, akipiga picha ndege. Mume wangu akaniambia nikaangalie kama vali ya kumwagia maji machafu imefungwa kabla hatujaondoka. Nikaenda nikaangalia. Ilikuwa wazi, nikaifunga.