Siku niliyoitikia jina la Sarita kule Bandipur

Wakuu, habari za huko mliko. Hili niliona kwa macho yangu, sikusimuliwa.

Tuliokuwepo ni baba Fahad, bosi wangu wa Jeddah. Mkewe, madam Nuha. Mtoto wao Layan, miaka minne, niliyekuwa namlea. Bishnu, dereva wa kukodi wa hukohuko Nepal. Na mimi, Mama Wakesho wa Taita, wakati huo tayari nina wajukuu.

Ambaye hakuwepo ni Sarita. Na safari yenyewe ilikuwa yake.

Sarita alikuwa mpishi. Tulianza naye Riyadh, pale Malaz, kwa bibi, mama yake madam, kisha sote tukahamia Al-Safa, Jeddah. Kwao ni Bandipur, mji wa zamani juu ya kilima, watu wake Wanewari. Hao wana desturi: mzee akifikisha miaka sabini na saba, miezi saba na siku saba, anapandishwa kwenye kigari cha maua, watoto wake wanamvuta kwa kamba kuzunguka mji.

Siku ya mama yake, Maiya, ilikuwa imekaribia. Sarita akaomba ruhusa. Madam akasema mafi, hakuna kwenda, nani atampikia bibi? Pasipoti nayo iko kabatini kwa baba. Utafanyaje?

Sarita akabadilisha mbinu. Kila akipeleka chai anamsifia baba nchi ya kwao: "Baba, likizo enda Nepal, kuna baridi. Bandipur theluji yote unaona. Lakini enda Alhamisi ile, ndio mbingu safi."

Mbingu ina Alhamisi, jamani? Baba akaingia mzima mzima.

Jikoni nako ananifundisha ndugu zake kwa mpangilio wa kuzaliwa. "Rudia, mama." Narudia huku nakata vitunguu: Hari, Gyanu, Purna, Sunita, Sarita, Rajan.

"Ukifika shika kamba yangu. Usiache mahali pangu wazi."

Alhamisi tukafika. Ukungu! Hakuna mlima hata mmoja. Baba anamuuliza Bishnu theluji iko wapi, utadhani Bishnu ameificha.

Madam akasema, "Mpeleke Layan chooni, nusu saa tunarudi. Yalla, haraka."

Nusu saa! Na gari haliingii mjini. Layan mgongoni, nikapanda zile ngazi za mawe. Mlima haunitishi, lakini kila kona nageuka kusikiliza kama naitwa. Yale madirisha ya mbao yaliyochongwa sikuyatazama, najuta mpaka leo. Nasikia ngoma, naifuata, inahama. Nikapotea mara mbili.

Layan, Kiswahili nilishamfundisha, akauliza, "Tunamkimbia nani?"

"Hatumkimbii mtu. Tunamkimbilia."

Kukata kona, kigari hicho hapo. Mama Maiya juu, mdogo, maua mpaka shingoni. Watu wameshika kamba. Lugha sina. Nilichonacho ni majina tu.

Nikasimama mbele yao. "Hari!" Mzee mmoja akainua mkono, ameduwaa. "Gyanu!" Mama mmoja akacheka. "Purna! Sunita!" Wanaitika.

"Sarita!"

Hakuna mkono ulioinuka. Ngoma ikakoma.

Nikainua mkono wangu mwenyewe.

Sunita akaanza kulia. Aliyebaki, bila shaka Rajan, kitinda mimba, sikuwa hata nimemwita, akasogea akanipa nafasi kati yake na Sunita. Nikavuta. Hatua chache tu, nikasikia sauti ya madam nyuma, amenifuata: "Halas, basi! Yalla!" Kigari kikasimama, nikasogea, Mama Maiya akainama akanipaka wekundu wa baraka kwenye paji la uso. Nikaiachia kamba.

Garini madam akanitazama paji. Layan akanitangulia kujibu: "Tumemvuta mama yake Sarita."

Jeddah, Sarita hakuuliza kama nilifika. Aliuliza, "Nilikuwa kati ya nani na nani?"

"Sunita na Rajan."

Akageukia sufuria yake, akaendelea kukoroga.

Nilichojifunza: mwenzako wa kazini ugenini akikutajia watu wa kwao, yashike hayo majina.

Mliofanya kazi Al-Safa, au mnaoijua Bandipur, semeni na nyinyi. Ila uzeeni majina yameanza kunichanganya, na kuna kitu kinanisumbua siku hizi. Aliyemfuata Purna ni Sunita kweli, au ni Sarita? Anayejua anisahihishe, maana nikikosea hapo, nilishika kamba mahali ambapo si pake.