Kona Tuliyoinyoosha

Siku moja haijawahi kunitoka kichwani, mwanangu, na leo umenikumbusha kwa kunitia hasira. Nimesikia kwamba ninyi vijana wa kambi mnataka kuupanua mfereji wetu, kuuongeza kina na kuunyoosha, ili boti kubwa zifike mpaka ufukoni. Nimesikia sokoni, wakati tunalala nyumba moja. Basi kaa, usiangalie mlango.

Wakati wa vita nilikuwa kijana. Nilitoka Musienene, kwenye maharagwe na viazi vya mama, nikashuka Ziwa Edward kutafuta maisha pamoja na mdogo wangu Kambale. Kambi ya wavuvi ilikuwa nyuma ya mafunjo kama ilivyo leo. Kutoka ziwani uliingia kwa mfereji mwembamba, mtumbwi mmoja mmoja, na katikati palikuwa na kona kali kama kiwiko. Boti ya injini haikuweza kuikata.

Akaja tajiri mmoja wa Butembo. Alisema tukiupanua na kuunyoosha, boti yake itapakia samaki wetu papo hapo, na itatuletea chumvi na mafuta ya taa. Hakusema uongo, nampa haki yake. Akanifanya kapita, msimamizi wa wachimbaji, akanipa buti na filimbi. Kijana akipewa filimbi hudhani amepewa na akili.

Tulichimba wiki nyingi, maji kiunoni, tukikata mizizi ya mafunjo kwa panga na kuzoa tope kwa makarai. Tulipofika kwenye kona, Muzee Katembo, mvuvi mkongwe kuliko wote, alileta mtumbwi wake akaukingamisha mbele yetu.

"Paluku, mupanue, muchimbe chini, mi sikatale. Lakini kona muiache. Kuya kwangu kwanza, tuikale, nikuelezee."

"Muzee, mambo yenu ya zamani ilishapita," nikamjibu mbele ya watu, nikimkatalia kwenda kuketi naye na kumwashiria auondoe mtumbwi. "Donc, utoshe pirogue yako, tunachelewa."

Watu wakacheka. Kambale hakucheka. Akaniambia taratibu, kama mdogo kwa kaka yake mkubwa, "Yaya, tumusikilize kwanza." Nikampulizia filimbi sikioni. Ndivyo nilivyokuwa, na mpaka leo najichukia kwa hilo. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini guu lililovunjika siku zile halikuwa langu.

Kona tukainyoosha. Boti ya tajiri ilikuja mara tatu, tukaila chumvi yake kwa furaha. Kisha asubuhi moja, wanawake wakigeuza samaki kwenye vichanja, tukasikia injini. Watoto wakakimbilia ufukoni kuipokea. Ilikuwa boti nyingine, imejaa watu wenye bunduki. Miaka ile hukuuliza ni kundi la nani; wote walikuja na njaa. Zamani wangekwama kwenye kona, nasi tungekuwa tumeshaingia mafunjoni. Siku ile walifika kabla sijamaliza kuvaa buti zangu. Walichukua samaki, nyavu, na vijana sita wa kuwabebea mizigo. Kambale alikuwa wa tatu.

Hakurudi. Mama aliendelea kumpakulia sahani yake kila jioni mpaka naye alipokufa, na hakuniuliza neno hata moja. Afadhali angeniuliza.

Jioni ya siku ile waliyochukuliwa, Muzee Katembo alinifuata ukingoni. Angenipiga ningeshukuru.

"Ile kona ni siye njo tuliichimba," akasema. "Nilikuwa kijana sawa weye. Wakati ya uasi, basoda balikuwa banakuya na boti, banabeba batu. Njo tukaikunja mufereji. Batu babili balikufa mu matope juu ya ile kona. Weye hukuuliza hata majina yao."

Ndipo nikajua kwamba kona waliikunja wao makusudi, kuzuia boti za askari waliokuwa wakibeba watu, na wawili waliifia. Kesho yake niliingia majini peke yangu nikaanza kuurudishia mfereji tope. Wengine walinifuata baadaye, Muzee akituelekeza. Kona hiyo mnayoiita kero ni mikono hii iliyoirudisha.

Sasa sikiliza vizuri. Sikukatazi kuchimba. Samaki wanaoza kwa kukosa boti, nami naona. Panueni, ongezeni kina. Lakini ukikuta kitu kimepindwa, uliza kwanza nani alikipinda na aliogopa nini. Uliza kabla hujashika jembe, si baada ya kuzika. Na mimi hata wa kuzika sikumpata. Muzee Katembo hayupo tena. Aliyebaki wa kuulizwa ni mimi, na wewe, mtoto wangu wa kuzaa, ulinipita mlangoni na jembe begani. Hilo ndilo limenichoma.

Nenda kawaite wenzako, waje wakae hapa, niwaambie yote. Mungu akupe mikono yenye nguvu, na masikio yenye nguvu kuliko mikono. Akulinde njiani na majini, wewe na watoto utakaowazaa. Na siku mtakayofika kwenye kona, kabla hamjakata unyasi mmoja, mtaje kwa sauti baba yako mdogo, Kambale.