Kama ni mjomba wake, mbona analia?

Leo hapa Kiwalani nimeitwa mwizi wa watoto, na mtoto mwenyewe ni wa dada yangu.

Nilikwenda kumchukua chekechea. Njiani akataka lambalamba, nikamkatalia, akajitupa chini akilia.

Jamaa mmoja akanikamata shati. "Kama wewe ni mjomba wake, mbona analia?"

Jamani, kuna mtoto asiyelia?

Watu wakajaa. Nikamwambia mtoto, "Waambie mimi ni nani." Akasema, "Anko."

"Hata konda wa daladala mtoto anamwita anko!" akadakia mwingine, jiwe mkononi.

Dada hapokei simu. Nikinyamaza, nimekiri. Nikijitetea, "wezi ndio wenye maneno mengi."

Mama muuza lambalamba akapenya katikati, akampa mtoto moja. Kilio kikakatika.

Yule mwenye jiwe akalitupa chini. "Mnaona? Kanyamaza. Huyu kweli mjomba wake."

Wakatawanyika wakicheka. Hoja iliyoniokoa ni mbovu sawasawa na ile iliyotaka kuniua. Angeendelea kulia je?

Niambieni, nyie mngejibu nini pale? Maana kesho namfuata tena mtoto chekechea.