Wivu Wangu kwa Mama wa Mitumba

Dada yangu, sogea karibu nikuambie kitu ambayo hata kwa maombi ya akina mama sijasimama kusema. Nilimwonea jirani wivu mpaka nikamtoa mtoto wangu mwenyewe kwa mtu wa kumuumiza.

Msichana wangu alikuwa na miaka kumi na nane, amemaliza form four, anangoja kuitwa college. Alikuwa na rafiki, kijana wa kwaya ya kanisa letu. Nilijua, na nilifurahi. Kila siku huyo kijana ananipigia mimi simu. "Mama, amefika nyumbani? Ametoka na nani? Leo amevaa nini?" Mimi namjibu yote. Mume wangu hajawahi kuniuliza nimeshinda wapi, basi nikaona mtoto amebarikiwa kupata wa kumchunga. Hata huyo mtoto nilimwonea wivu kidogo, Mungu anisamehe.

Mtoto akaanza kunyamaza. Zamani nikitoka masomo ya watu wazima jioni, ananisaidia hesabu. Akaacha. Sasa anashinda kwa mama wa mitumba, jirani yetu mwenye alikuja kutoka Murang'a. Huko nasikia wanacheka. Akirudi kwangu ni "sawa, mama", "hapana, mama", basi. Tukianika omena, wale dagaa wa ziwa, pale ufuoni Dunga nikamwambia mwenzangu, "Yule mwanamke amenichukulia mtoto."

Akacheka. "Na nani atakaa na wewe, uso imenuna kama samaki ya kamongo?"

Jumamosi moja mchana nilipita kwa dirisha ya jirani, nikasikia mtoto wangu analia. Yule mama anamwambia, "Lia tu, mami, niko hapa." Wivu ikanipanda. Hata kulia analilia huko! Sikuuliza analia nini. Mara kijana akapiga simu. "Mama, amezima simu. Yuko wapi?"

Nikasema, "Yuko kwa mama wa mitumba. Kuja umtoe."

Nilingoja hapo kando nione huyo mama akiaibika. Kijana akaja, akapiga mlango teke. "Toka! Nani alikwambia uzime simu?" Mlango ikafunguka. Yule mama amesimama na pasi ya makaa mkononi, ile ya kunyoosha mitumba.

"Ingiza mguu hapa, nikupige pasi wewe na hiyo suruali."

Nyuma yake nikaona shingo ya mtoto wangu. Alama za vidole, mbichi.

Kijana aliponiona akatabasamu. "Mama, mwambie atoke. Si ni wewe umeniita?"

Mtoto akaniangalia. "Ni wewe, mama?"

"Ni mimi, nyathina, mtoto wangu." Niliingia katikati, nikasimama mbele ya mlango. "Na ni mimi nakwambia uende, kijana. Huyu hutamgusa tena." Akanisukuma bega. Sikusonga. Majirani wakaanza kutoka, akaenda akitutukana, mdomo ule ule wa kuimbia Mungu.

Mtoto hakuja kwangu. Alishika mkono ya yule mama. Yeye naye akaniambia polepole, "Mama, alikuja kwangu kwa sababu kwako huyo kijana anapewa chai. Twende hospitali waandike hizi alama, halafu polisi, kwa dawati la jinsia. Na asifute message hata moja."

Tulipotoka hospitali, polisi mwanamke wa hilo dawati aliuliza mtoto kama kijana anamchagulia nguo, kama anataka kujua kila saa yuko wapi, kama amemkataza marafiki. Kila kitu, ndiyo. Na mimi nikijua nani alikuwa anampelekea habari. Akauliza, "Unataka nani akae na wewe tukiandika?" Mtoto akaonyesha mama wa mitumba. Mimi nikatolewa nje, nikakaa kwa benchi, nikaomba Mungu huku roho inaniuma kama jino.

Kijana alishikwa. Mtoto yuko college sasa, anacheka tena. Jumapili anapigia yule mama simu kwanza, mimi baadaye. Wivu bado iko, sitakudanganya, lakini nimeiambia ikae chini: afadhali mtoto aongee na mwingine kuliko anyamaze.

Dada, kama unajua mama mwenye anasifu kijana kwa kumchunga msichana wake kila saa, mpelekee haya maneno. Kama hasomi, kaa naye umsimulie. Na msichana mwenyewe akiwa karibu, usimfukuze. Asikie pia.