Plagi Kwenye Pindo la Kanga

Hata leo, na uzee huu, nikisikia pikipiki ya zamani inagoma kuwaka barabarani naweza kukuambia ugonjwa wake nikiwa jikoni namenya ndizi. Sijisifu. Baba yangu mzazi alikuwa fundi wa pikipiki pale Tukuyu, nyuma ya soko, na Mungu hakumpa mtoto wa kiume, kwa hiyo spana tulimshikia sisi mabinti. Nilijua kusugua plagi kwa msasa kabla sijajua kusonga ugali. Wateja walipomuuliza pikipiki yao ina nini, baba alikuwa akisema, "Muulizeni huyu," wakacheka, kisha wakaniuliza kweli.

Halafu nikaolewa kijijini Suma, na ujuzi wote ule ukawa kama sina.

Kwa asiyejua, niseme wazi. Kwa Wanyakyusa wa zamani, mke haonani na baba mkwe wake. Si mambo ya kuinamisha macho tu. Hamwoni, haongei naye, hapiti njia anayopita yeye. Akimsikia anakuja, anaingia migombani, anageuza mgongo na kujifunika kanga mpaka mzee apite. Watu wengine walikuwa wameshaanza kulegeza, hasa walokole na watu wa mjini, lakini nyumba niliyoingia mimi haikulegeza kitu. Zamani haikuwa taabu sana, maana wazee walijenga mbali na vijana wao. Ujamaa ndio ulioniletea balaa. Tulipohamishiwa kijiji kipya, viwanja vilipimwa kwa kamba, nyumba zikapangwa mstarini, na afisa mwenye daftari akatuweka mimi na mkwe wangu jirani kabisa. Kati ya jiko langu na baraza lake palikuwa na ua wa matete tu. Nani angemweleza afisa yule mambo ya wakwe? Nikaishi miaka miwili nikichungulia kwanza kabla ya kwenda kuchota maji, kama mwizi kwangu mwenyewe.

Mzee alikuwa karani mstaafu wa ushirika wa kahawa. Pikipiki yake ndiyo ilikuwa ya pekee kijijini, kuukuu, ya ile aina ya kuchanganya oili ndani ya petroli, ikipita inaacha moshi wa bluu mpaka kuku wanapiga chafya. Mguu wake mmoja ulikuwa mbovu, na ndiyo maana aliruhusiwa kutokwenda shamba la kijiji.

Asubuhi ninayoisema, kijiji kizima kilikuwa shambani, isipokuwa mimi na wakwe zangu. Mume wangu alikuwa Mbeya kikazi. Binti yetu, wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa na homa tangu juzi yake, na kulipokucha nikaona kila akivuta pumzi mbavu zinaingia ndani. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima, basi halikufika. Mama mkwe alimtazama mara moja tu, akasema, "Huyu ni wa hospitali ya mjini, sasa hivi," akaenda kumwambia mzee. Nikamsikia mzee anaitoa pikipiki barazani bila kuuliza swali. Hilo nalisema kwa kuwa ni haki yake.

Akapiga kiki. Mara ya kwanza, ya pili, ya sita. Mimi niko jikoni, mtoto kifuani, nasikiliza kupitia matete. Injini iliyo tayari kuwaka ina mlio mkavu, wa kukohoa. Ile ilikuwa inajibu kwa sauti nzito, ya majimaji. Ilikuwa imeshiba petroli. Aliiacha koki ya petroli wazi siku zote ilizosimama, na sasa kila kiki aliyopiga na choki ya hewa imefungwa ilikuwa inaizamisha zaidi.

"Mama," nikamnong'oneza mama mkwe, "mwambie afunge koki. Atoe plagi, azungushe mkono wa mafuta mpaka mwisho, apige kiki kumi bila plagi, petroli itoke."

Akazunguka ua, mama wa watu, polepole kwenye tope. Nikamsikia anamwambia mumewe maneno yangu. Mzee akauliza, "Nani kakuambia?" Aliuliza tu, alijua. Nani mwingine pale angejua koki? Kisha nikasikia kiki kumi tupu, hewa ikitoka, nikajua amekubali.

Akairudisha plagi, akapiga. Haikushika. Akapiga mpaka nikamsikia anahema.

"Muulize plagi ina rangi gani," nikasema.

Mama akaenda, akarudi. "Nyeusi."

"Nyeusi kavu au nyeusi ya mafuta?"

Akaenda tena. Hebu niangalie mimi hapo: mtoto anakoroma kifuani, na mimi namtuma mwanamke mzee kwenye tope akaulizie rangi. Nilichukia kila kitu asubuhi ile. Nilimchukia afisa na kamba zake, nikachukia mila, nikauchukia mguu wa mzee. Zaidi ya yote nilijichukia mwenyewe, kwa sababu hakuna aliyenifunga. Ua ule wa matete ningeusukuma kwa bega moja ukalala chini.

Sikuusukuma.

Safari ile mama hakuja na jibu, alikuja na plagi yenyewe kwenye pindo la kanga. Nikaigeuza mlangoni penye mwanga. Kati ya ncha zake mbili palikuwa na uzi wa masizi, mwembamba kuliko unywele, umeziunganisha. Hapo cheche hairuki hata upige kiki mpaka jioni. Nikaukwangua kwa kisu cha kumenyea ndizi, nikaishikilia plagi juu ya makaa mpaka ikakauka, nikaifuta kwa gauni langu. "Mwambie aiweke. Choki asiiguse. Koki aifungue ikishawaka tu."

Ikawaka kwa kiki ya pili. Kazi ya dakika tano ya mikono yangu ilikuwa imetugharimu karibu saa nzima.

Na sikuweza kupanda. Kupanda pikipiki moja na mkwe, nyuma yake, hilo halikuwa la kufikiriwa. Nikamfunga mtoto kifuani kwa mama mkwe, nikazirekebisha nguo zake mara mbili tatu pasipo sababu, wakaondoka. Mlio ulipopotelea kwenye kona nikatoka, nikawafuata kwa miguu.

Nilikuwa nusu ya njia niliposikia pikipiki inarudi. Mlio ule nisingeukosea. Ilikuwa mapema mno kurudi, lakini hilo niliwaza baadaye. Kabla sijawaza lolote miguu ilikuwa imeshanitoa barabarani, niko migombani, mgongo nimegeuza, kanga kichwani, sawasawa na nilivyofundishwa. Ikanipita. Mtoto wangu akanipita hivyo hivyo, na mimi nimejificha.

Ikasimama mbele kidogo. Mama mkwe akashuka, akarudi kunitafuta katikati ya migomba. Hakuwa na haja ya kusema, nilimwona alivyomshika mtoto. Akasema hata hivyo: walikuwa hawajauona mji.

Tukazika kesho yake. Mume wangu alifika udongo ukiwa umeshafukiwa. Siku ya tatu, watu walipokwisha kutawanyika, nilikuwa jikoni nimekaa tu, moto sijawasha. Nikamsikia mzee anaongea na mkewe upande wa pili wa matete. Mama akazunguka, akasimama mlangoni, akaangalia chini.

"Mzee anauliza," akasema, "kwa nini hukutoka."

Nikapandwa na hasira. Saa nzima ile niliyokuwa nimejibanza jikoni nikimtunzia heshima yake, kumbe naye alikuwa anasubiri nitoke. Sikumtuma mama tena. Nilisema palepale nilipokaa, kwa sauti ya kumfikia: "Mwambie na mimi namuuliza, kwa nini hakuniita."

Mama hakuondoka mlangoni. Mzee mwenyewe alikuwa amesikia. Tulimsikia anavuta kiti, anakaa. Mvua ikaanza, ikanyesha.

Hakujibu siku ile wala baadaye. Tuliishi jirani miaka mingi baada ya hapo, yeye kule na mimi huku, tukisikiana tukikohoa. Nikazaa wengine. Ua ulipochakaa mume wangu aliujenga upya, na mimi ndiye niliyemkatia matete.

Mzee alipofariki, kabla ya jeneza kufungwa, mama mkwe alinishika mkono akanipeleka ndani, akaniambia sasa naweza kumtazama. Nilimtazama kwa mara ya kwanza. Paji la uso na nyusi vilikuwa vya binti yangu, hivyo hivyo.